Moto Ambao Fundi Balkar Hakuuwasha

Kwanza niseme la kusema, nisije nikajificha nyuma ya maneno mengi: kosa ni langu. Mwanangu Hisham anasema si langu. Mkwe wangu Widad anasema ni kudura. Lakini Fundi Balkar yuko pale karakanani nyuma ya nyumba yangu, kila asubuhi namsikia anapiga randa, na kila nikiisikia ile randa roho inanisuta. Kwa hiyo msinambie nitulie. Nimetulia sana.

Mie Mwanamize. Nimezaliwa Unguja, nimekuja Ibra, hapa Oman, mwaka sabini na nne, msichana wa miaka kumi na minane, na nikaolewa hapa hapa na Marzouq, naye mtoto wa Unguja. Marzouq, Mungu amrehemu, alikuwa na ugonjwa mmoja tu duniani: milango. Alikuwa akilala anaota milango ya nakshi ya kwao. Akafungua karakana nyuma ya nyumba, ukingoni mwa shamba la mitende, akatafuta fundi mwaka mzima, na mwaka elfu mbili na tatu akaletewa Kalasinga mmoja mrefu, kilemba cha buluu, ndevu zimefungwa vizuri, mkononi sanduku la patasi alizorithi kwa babu yake. Balkar Singh. Miaka thelathini na minne alikuwa nayo wakati ule. Ametoka kijijini Punjab, huko India, kaacha mke na binti wa miaka tisa, jina lake Navreet.

Fundi ana mikono, jamani. Akikuchongea ua kwenye msaji, wataka ulinuse. Na ana masikio pia, kwani nyumba yetu ilikuwa Kiswahili kutwa, na baada ya miaka miwili mitatu naye akawa anakisema, tena cha kwetu, cha mjini. Watu wa sokoni wakicheka: Kalasinga wa Mwanamize anasema "shikamoo"! Na kweli, tangu hapo hakuna asubuhi aliyopita mlangoni mwangu bila ya kusema, "Shikamoo, mama," nami nikamwambia, "Marahaba, Fundi." Hata siku aliyokuwa na homa.

Sasa huo moto. Mwezi wa Januari wa kwanza wake hapa, jua limezama, tumeshasali magharibi, mara naona moshi nyuma ya nyumba. Ebo! Nikajua karakana inaungua. Nikatoka mbio na ndoo ya maji, kanga inaburura, namkuta Fundi kaketi mbele ya moto wa maranda na vipande vya mkunazi, anatupia ufuta ndani, kimya, peke yake.

"Wewe Kalasinga una wazimu?" nikamwambia. "Wataka kutuunguza?"

Akasimama, akaniletea njugu kwa mikono miwili. Kwa Kiarabu chake cha kuungaunga akasema leo kwao sikukuu. Marzouq akatokea nyuma yangu, akaiona ile ndoo, akacheka mpaka akakaa chini.

Ndivyo nilivyoijua Lohri. Na miaka ilivyokwenda, na Kiswahili chake kilivyokaa sawa, akanieleza yote. Inakuwa tarehe kumi na tatu ya Januari, usiku wa mwisho wa mwezi wao wa baridi kali. Ngano iko shambani bado changa, miwa imeshakatwa, majirani wanachemsha maji ya miwa kupata sukari guru, na kila mtu amechoka na baridi. Basi wanawasha moto mkubwa uani, wanauzunguka, wanautupia ufuta, njugu na bisi, na wanaomba heshima iingie nyumbani na ufukara utoke. Mchana wake watoto wanapita nyumba hata nyumba wanaimba, wanapewa vya kutafuna. Nikamwambia, basi ufuta mie najua kuupika. Mwaka wa pili nikampikia kashata za ufuta kwa sukari guru. Akauma moja, akafumba macho, akasema, "Mama, hii ni ya kwetu kabisa." Tangu siku hiyo ikawa desturi. Yeye moto, mie kashata. Kuzunguka moto sizunguki, mie na dini yangu, lakini kiti changu naweka na njugu zake nakula.

Na akanieleza mtu wanayemuimba. Zamani za wafalme wa Delhi, alikuwako mtu akiitwa Dulla, wa ukoo wa Bhatti. Muislamu. Nikamwambia, "Kumbe mwenzetu!" Akacheka. Huyo Dulla alikuwa akiwaibia wakubwa na kuwapa wanyonge, na wasichana wa Kihindu waliokuwa karibu kuuzwa kwa matajiri alikuwa akiwanyakua akawaoza kwa watu wa heshima. Sasa kuna wasichana wawili, hawana aliyethubutu kusimama kwa ajili yao. Dulla akawapeleka porini, akawasha moto, akaimba mwenyewe nyimbo za harusi, na mahari hana, akawatilia sukari kwenye mitandio yao. "Alisimama pahala pa baba yao," Fundi akasema. Hilo neno aliliambia moto, si mimi. Wakati ule sikujua kwa nini.

Mwaka Marzouq alipokufa, elfu mbili na kumi na moja, Januari iliyofuata nikakaa nasubiri moshi. Moshi hakuna. Nikatoka, namkuta Fundi kaketi karakanani anapiga msasa. Nikamuuliza, vipi leo? Akasema, "Mama, nyumba ikifiwa, mwaka ule haiwashi." Nikasema, lakini wewe si wa nyumba hii, wewe wa kwako. Akanitazama kama nimemtukana. "Bwana Marzouq kafa," akasema, "na mie naishi uani kwake." Nikaingia ndani nikalia, maana hata mashemeji zangu walikuwa wameshaanza kuoa na kuozesha.

Mara ya pili hakuwasha pale alipokufa mkewe. Wakati huo nilimkalia yule mtu siku tatu, namlazimisha kula, kama ndugu. Na hapo ndipo aliponambia habari ya Navreet.

Kwao, mtoto wa kwanza akizaliwa, Lohri yake ya kwanza ni kubwa kuliko harusi. Wanaalika kijiji kizima. Mtoto anapakatwa mbele ya moto, watu wanamuombea, na babu wa kuumeni na babu wa kukeni wote wawepo. Lakini mtoto huyo awe wa kiume. Zamani wa kike hawamuwashii. Navreet alizaliwa, na mama yake Balkar akasema hakuna moto, tunasherehekea nini? Mwaka huo huo jirani wao alikuwa amepata mwana. Lohri ilipofika, moto ukawashwa ukuta wa pili, ngoma zinalia, na mke wa Balkar akasimama mlangoni na kichanga chake mikononi anatazama cheche za wenzake. Balkar alikuwapo. Kijana wa miaka ishirini na mitano, ana mikono miwili, kuni ziko, kibiriti kiko.

"Ukasema nini?" nikamuuliza.

"Sikusema kitu, mama."

Na Navreet alipokuwa mkubwa alihadithiwa na mama yake. Akamuuliza baba yake kwa simu, kweli? Akamwambia kweli. Binti akakaa nalo hilo moyoni.

Basi Navreet akaolewa, miaka minane hakupata mtoto. Mnajua maneno wanayoambiwa wanawake wasiozaa, sina haja ya kuyasema. Mwaka elfu mbili na ishirini na nne, mwezi wa Agosti, akazaa. Mtoto wa kike. Asees wamemwita, maana yake dua njema. Fundi alikuja mlangoni mwangu mbio, kilemba kimekaa upande, anagawa halua kwa kila apitaye, mpaka kwa mtu wa gesi. Akanambia, "Mama, huyu nitamuwashia. Nikimuwashia huyu, nimemuwashia na mama yake."

Lakini wakwe wa Navreet nao ni wale wale. Siku hizi Punjab wako wengi wanaowawashia mabinti, tena kwa mbwembwe, lakini hawa hawataki. Navreet kapigana nao mpaka mumewe akasema: haya, baba yako akija na mzigo wa zawadi za kukeni kama inavyotakiwa, akasimama mwenyewe mbele ya watu, moto utawashwa. Asipokuja, basi, sisi hatuna haja nao. Yote haya Fundi alinambia. Niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili. Naomba mlishike hilo, kwa sababu mie mwenyewe sikulishika.

Akaomba ruhusa kwa Hisham, maana karakana sasa ni ya Hisham. Kuondoka tarehe nane Januari. Hisham akasema hapana shaka. Fundi akaanza kununua. Jumatano tulikwenda wote soko la wanawake hapa Ibra, yeye akasubiri nje, mie nikamchagulia vijigauni, vikofia vya sufi, mtandio mwekundu wa Navreet. Nami nikamtolea Asees kikuku cha fedha, kidogo, chenye njuga mbili. Akavifunga vyote kwenye kitambaa chekundu, akaniletea nimuwekee kabatini kwangu, maana karakana ina vumbi. Kila Ijumaa anakuja kukitazama kifurushi. Haki ya Mungu, anakitazama tu na kuondoka.

Mwanzo wa Disemba ikaja kazi. Aflah, rafiki yake Hisham, anatengeneza nyumba ya wageni kule milimani, Misfat al Abriyeen, anataka milango kumi na moja ya nakshi, na ufunguzi ni mwisho wa Januari, keshaalika wakubwa. Hisham akaja kwangu, kichwa kakishika. Kiswahili cha Hisham ni hivyo hivyo, cha watoto wa hapa.

"Ya mama, milango yote kumi na moja, bila ya Fundi hamna. Hawa wengine hawajui nakshi. Sema naye wewe. Wewe hawezi kukukatalia."

Hilo la mwisho ndilo. Nilijua kwamba hawezi kunikatalia. Nilijua vizuri sana, na nikaenda.

Nilimkuta anapima ubao. Nikakaa kwenye kiti changu kile kile cha kashata. Nikamwambia, "Fundi, wiki tatu tu. Umalize hii milango, uende tarehe mosi Februari, ukae miezi miwili, Hisham atakukatia tiketi."

Akaiweka penseli. "Mama, Lohri ni tarehe kumi na tatu."

"Najua. Si wakusubiri tu? Sisi arobaini ya mtoto wa Lamees, mpwa wangu, tulisogeza mpaka shangazi yake akaja. Hata harusi tunasogeza, Fundi. Watu ndio sherehe, siku ni siku tu."

Na wallahi niliamini. Sisi tuliotawanyika ndivyo tulivyozoea. Mmoja yuko Maskati, mmoja Unguja, mmoja Uingereza, tukisubiri kila kitu kiwe siku yake hatutaonana maisha. Kwetu siku inamfuata mtu. Haikunijia kabisa akilini kwamba kuna watu ambao mwezi wao ukishaisha umeisha, na mtoto akishaupita moto wake wa kwanza ameupita.

"Na siku yenyewe," nikaongeza, najiona mwema, "nitakuwashia hapa hapa mie mwenyewe, moto mkubwa, na wajukuu wangu wote, nao wakuone kwenye simu."

Akaiokota penseli, akautazama ubao aliokuwa anaupima. Kisha akasema, "Sawa, mama."

Nikaondoka nimefurahi! Nikamwambia Hisham, nimekumalizia kazi yako. Astaghfirullah.

Tarehe kumi na tatu nikafanya kweli. Kuni za mkunazi, maranda gunia zima, kashata sinia mbili, bisi, njugu. Wajukuu wamevaa makoti. Widad kashika simu. Fundi akaja kavaa kilemba cha rangi ya machungwa ambacho sikupata kukiona, akawasha moto, akasimama. Simu ikaitika.

Navreet alikuwa mlangoni. Nyuma yake ukumbi, mbele yake ua mtupu, kiza, hata ukuni mmoja haupo. Ngoma zilikuwa zinasikika, lakini za mbali, za kwa watu. Kambeba mtoto, kafunikwa shali. Sisi tunapunga mikono huku kama wapumbavu, moto unatuwakia nyuma, watoto wanapiga makelele "Lohri! Lohri!" Yule binti akautazama moto wetu. Akasema maneno machache kwa lugha yao, sauti ya chini kabisa, simu ikakatika.

"Kasemaje?" nikauliza.

Fundi akamrejeshea Widad simu kwa mikono miwili. Akaingia karakanani, akawasha taa, akashika patasi. Ufuta aliokuwa nao mkononi aliumimina kwenye kopo la misumari. Kashata zangu zikabaki kwenye sinia mpaka zikaliwa na sisimizi.

Milango akaimaliza tarehe ishirini na tisa, kumi na moja yote, hakuna hata mmoja wenye kasoro. Hisham akampigia Aflah aje kuichukua. Mnajua Aflah alisema nini? Ufunguzi umesogezwa. Mpaka baada ya Idi. Mafundi wa maji hawajamaliza. Milango ikakaa karakanani imefunikwa mablanketi Februari nzima, Machi nzima, mpaka ikaja kuchukuliwa Aprili. Niliposikia nilimtukana Hisham matusi ambayo hata Marzouq hakupata kuyasikia kwangu. Hisham kainamisha kichwa tu. Lakini yeye alinituma, mie ndiye niliyekwenda.

Fundi akasafiri tarehe mosi Februari na kile kifurushi chekundu. Miezi miwili alipewa. Siku ya tisa, asubuhi, nasikia mlangoni, "Shikamoo, mama."

Nikafungua. Ndiye. Kifurushi kiko kwapani, fundo ni lile lile nililolifunga mie mwenyewe.

"Umerudi mapema, Fundi?"

"Kazi ipo, mama."

Kazi gani? Hapakuwa na kazi. Akaomba kifurushi kikae kabatini kwangu kama zamani, kwa sababu ya vumbi. Kipo mpaka leo. Nikifungua kabati kutoa shuka, njuga za kile kikuku zinalia, hata nikifungua polepole.

Mwaka mzima sikumuuliza. Niliogopa, basi. Mie Mwanamize, ninayewagombeza mashemeji mbele ya watu, nilimuogopa fundi seremala. Disemba Hisham alimfuata mwenyewe, akamwambia nenda mwaka huu, tiketi hii hapa, kaa hata miezi mitatu. Akamshukuru, akasema hakuna haja.

Tarehe kumi na tatu ya Januari hii iliyopita ilikuwa Jumanne. Nilipika kashata tangu asubuhi, nikaziunguza, nikapika tena. Baada ya magharibi nikatoka na sahani, nimejikaza, nimesema leo nitamuomba msamaha mbele ya moto wake. Nikatazama juu ya ukuta. Moshi hakuna.

Alikuwa anapiga randa. Maranda yamemjaa miguuni, makavu, mazuri, ya kuwashia.

"Fundi, leo si ndiyo?"

"Ndiyo leo, mama."

"Mbona huwashi?"

Akasimamisha randa. Akapuliza vumbi kwenye ubao, akalifuta kwa kiganja. "Nyumba ikifiwa, mama, mwaka ule haiwashi."

Nikasema, "Kafa nani? Mtoto? Fundi, nambie, mtoto?"

"Hapana, mtoto mzima. Anatembea sasa." Na akatabasamu kidogo aliposema anatembea. "Navreet kanifungulia mlango siku ile nilipokwenda Februari, akakitazama kifurushi, hakukipokea. Siku ya simu, mwaka jana, aliniambia: mara ya kwanza ulikuwapo hukusema kitu, mara ya pili hukuja. Watu wa kwao wakimuuliza babu wa mtoto yuko wapi, anawaambia alikufa Oman."

Nikaishika sahani kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo ni mimi, mama," akasema. "Niliyekufa ni mimi."

Nikamwambia nisamehe. Nililisema kwa sauti, nikalirudia, nikalia mbele yake mie mtu mzima wa miaka sabini. Akaichukua sahani mikononi mwangu, akaiweka kwenye benchi lake, akanivutia kile kiti changu.

"Usiseme hivyo, mama. Aliyesema sawa ni mimi."

Alichukua kashata moja, akaitia mfukoni. Sikukaa. Nilikwenda zangu ndani, na kabla sijafika mlangoni nikaisikia randa.